Josephine Butler, Mama Aliyetoka Nyumbani Kwake

Kila mwaka tarehe 9 Agosti Kanisa la Uingereza humkumbuka Mary Sumner, mwanzilishi wa Umoja wa Akina Mama, na katika parishi zetu jina lake halihitaji kuelezwa. Tarehe 30 Mei kalenda hiyo hiyo humkumbuka mwanamke mwingine, Josephine Butler, ambaye kwetu hapati hata tangazo la mistari miwili. Wanawake hawa wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1828. Wote wawili waliolewa na makasisi, na wote wawili walikuwa mama wa watoto. Tena katika miaka ya 1880 waume zao walihudumu katika kanisa kuu moja, lile la mji wa Winchester. Mmoja aliwaita akina mama waitazame kazi ya malezi kuwa wito mtakatifu. Mwingine alitoka nyumbani kwake akaenda kusema hadharani mambo ambayo mwanamke wa heshima hakuruhusiwa hata kuyanong'ona.

Sisi tuliofundisha miaka mingi, na sasa tumestaafu, tumesikia sana katika mikutano ya wazazi na hata katika vikao vya kanisa maneno juu ya ukombozi wa wanawake. Wengine husema umewapa binti zetu elimu na sauti. Wengine husema umevunja nyumba na kuwaacha watoto wakilelewa na wafanyakazi. Mabishano hayo hayaishi, kwa kuwa huyu huhesabu faida tu na yule huhesabu hasara tu. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza maisha ya Bibi Butler, maana katika nyumba yake faida na hasara zilikaa pamoja, na yeye mwenyewe hakujifanya haoni mojawapo.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1828 huko Milfield, kaskazini kabisa mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Scotland. Baba yake, John Grey, alikuwa bingwa wa kilimo na mtu aliyepigana na utumwa kwa moyo wote. Mezani pake watoto walisikia habari za watumwa wa visiwa vya ng'ambo, na zaidi ya yote habari za mama watumwa walionyang'anywa watoto wao. Josephine alikuwa na umri wa miaka 5 Bunge lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mwaka 1833. Habari hizo hazikumtoka. Baadaye, alipoanza vita vyake mwenyewe, alijiita mkomeshaji, yaani alitumia neno lile lile la wapinga utumwa, na wala halikuwa pambo la maneno.

Mwaka 1852 aliolewa na George Butler, msomi wa Oxford aliyepata daraja la ushemasi na ukasisi muda mfupi baadaye. Ndoa hii lazima tuitaje kwa heshima, kwa sababu bila mume huyu hadithi isingekuwapo. Maisha ya Oxford siku zile yalikuwa ya wanaume watupu. Wengi wa walimu wa vyuo hawakuruhusiwa kuoa. Bibi Butler alikaa pembeni jioni baada ya jioni akiwasikiliza wasomi wakizungumza juu ya wanawake, na aligundua kwamba kwa watu hawa dhambi ya mwanamume ilikuwa jambo dogo la ujana, na dhambi ile ile kwa mwanamke ilikuwa mwisho wa maisha yake.

Palitokea jambo wakati huo. Msichana mmoja alikuwa amefungwa katika gereza la Newgate mjini London kwa kosa la kumuua mtoto wake mchanga. Baba wa mtoto alikuwa mtu wa Oxford, amemtupa msichana na kuendelea na shughuli zake. Bibi Butler alimwendea mzee mmoja mwenye sifa ya hekima chuoni, akitaka yule bwana angalau aonywe. Akashauriwa anyamaze. Basi mume na mke wakashauriana wao kwa wao, wakamwandikia kasisi wa gereza, na msichana alipomaliza kifungo wakamchukua akafanya kazi katika nyumba yao.

Hapa tuseme neno letu kidogo. Katika miaka yetu ya kufundisha tuliona zaidi ya mara moja binti akiitwa ofisini, akipimwa mimba, kisha akirudishwa kwao na sanduku lake kabla ya kengele ya mchana. Katika shule moja tuliyofundisha, ambayo hatutaitaja, mwanamume aliyehusika aliendelea na kazi yake, na siku ya mahafali alikaa jukwaani. Sisi walimu tulijua. Nasi tulishauriwa tunyamaze, nasi tulinyamaza. Hapa Tanzania mlango wa kurudi shuleni kwa mabinti hao ulifunguliwa na serikali Novemba 2021. Mabinti tuliowasindikiza hadi kituo cha basi miaka ile sasa ni bibi wenye wajukuu. Kwa hiyo tusomapo habari za Oxford hatupati nafasi ya kuwacheka Waingereza.

Mwaka 1857 akina Butler walihamia Cheltenham, ambako Bwana Butler alifundisha katika shule ya wavulana. Walikuwa na wana watatu, George, Stanley na Charles, na mwaka 1859 wakapata binti, Evangeline Mary, ambaye nyumbani aliitwa Eva.

Jioni moja ya mwezi Agosti 1864 wazazi walikuwa wanarudi nyumbani kutoka safarini. Eva, mwenye umri wa miaka 5, alisikia wamefika, akatoka mbio juu ghorofani kuja kuwalaki. Aliteleza juu ya kizuizi cha ngazi, akaanguka hadi sakafu ya mawe chini, mbele ya macho ya baba na mama yake. Alifariki baada ya saa chache bila kupata fahamu.

Mama yeyote aliyewahi kuzika mtoto hahitaji tuongeze neno. Kwa miaka mingi Bibi Butler aliendelea kuona anguko lile usiku. Miezi michache baada ya mazishi Stanley naye akaugua koo vibaya sana, ikabidi mama ampeleke Italia apate hewa ya joto, na katika safari hiyo mama mwenyewe alizimia mara kwa mara hata wakadhani naye anakufa. Aliporudi Cheltenham aliikuta nyumba tupu mchana kutwa, wavulana wako shuleni na baba yao kazini.

Mwaka 1866 Bwana Butler akateuliwa kuwa mkuu wa Liverpool College, wakahamia mji ule mkubwa wa bandari. Huko mama huyu alifanya jambo ambalo wengine wangeliona la kichaa. Hakutafuta watu wa kumfariji. Alitafuta watu wenye huzuni kubwa kuliko yake. Akaenda katika nyumba ya maskini ya Brownlow Hill, jengo kubwa mno lililokuwa na maelfu ya watu, na huko chini kwenye mabanda yenye unyevu alikuta wanawake na wasichana wengi wakichambua kamba kuukuu nyuzi kwa nyuzi, zile za kukalafati meli, ili wapewe mkate na mahali pa kulala. Wengi walikuwa makahaba wa bandarini. Akakaa chini sakafuni pamoja nao, akachukua kamba akaanza kuchambua. Walimcheka kwa jinsi alivyokuwa mzito wa vidole. Baada ya kicheko wakaanza kuzungumza.

Mmoja, jina lake Marion, alikuwa na kifua kikuu. Akina Butler wakamleta nyumbani kwao, wakampa chumba, wakamuuguza mpaka akafa. Baada yake wakaja wengine, hata vyumba visipotosha ikabidi ikodishwe nyumba ya pekee kwa ajili ya wagonjwa, kisha nyumba nyingine ya kazi ambako wasichana walitengeneza bahasha za kuuza. Tuwaze kidogo: mkuu wa shule, mwenye wana watatu wanaokua, akikutana ngazini kwake na wasichana wa bandarini. Wazazi wa wanafunzi walisema nini tunaweza kukisia. Nyumba iliyotoa hifadhi ile haikuwa tena nyumba tulivu ya familia, na wana wale hawakuulizwa.

Katika miaka hiyo hiyo aliingia kazi nyingine mbili, ambazo matunda yake twayala hadi leo. Kwanza alikuwa rais wa baraza la kaskazini mwa Uingereza lililotafuta elimu ya juu kwa wanawake, na mwaka 1868 akapeleka Cambridge maombi kwamba wanawake wafanyiwe mitihani ya chuo kikuu, hasa wale waliotaka kuwa walimu. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twaona hapa mahali pa kusimama na kusema ahsante. Pili alijiunga na kamati ya mwaka 1868 iliyodai kwamba mwanamke aliyeolewa awe na mali yake mwenyewe. Chini ya sheria ya Uingereza wakati ule, mshahara wa mke ulikuwa mali ya mume, hata kama mume ni mlevi na watoto hawana chakula. Sheria ya mwaka 1870 ilimwachia mke mshahara wake, na ile ya 1882 ikamwachia mali yake yote. Mabibi wa leo wanaobishana kama ukombozi umeleta faida yoyote wafikirie vikoba vyao vingekuwaje chini ya sheria ile ya kwanza.

Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa nyingine, nayo haipendezi kuelezwa. Tutaieleza kwa adabu kadiri tuwezavyo.

Serikali ya Uingereza iliona kwamba askari na mabaharia wengi wanalazwa kwa magonjwa ya zinaa. Kwa hiyo Bunge likapitisha sheria mwaka 1864, ikaongezwa makali mwaka 1866 na 1869, kwa ajili ya miji ya bandari na kambi za jeshi. Polisi waliovaa nguo za kiraia walipewa uwezo wa kumtaja mwanamke yeyote kuwa kahaba. Hawakuhitaji ushahidi wa tendo. Mwanamke aliyetajwa alitakiwa kupimwa mwilini na daktari kwa vyombo vya chuma, na kurudi kupimwa kila baada ya majuma mawili. Akikataa alifungwa. Akionekana ana ugonjwa alifungiwa hospitalini, na kufikia mwaka 1869 muda huo uliweza kufika miezi 9. Mwanamume, aliyekuwa na ugonjwa ule ule na ndiye aliyeupeleka kwa mkewe nyumbani, hakupimwa wala kuulizwa. Tunaikumbuka habari ya yule mama aliyeletwa mbele ya Bwana wetu kwamba amefumaniwa katika tendo. Nayo tangu utoto tulijiuliza yule mwanamume mwenzake alipitia mlango gani.

Mwaka 1869, akina Butler wakirudi kutoka mapumzikoni Uswisi, ilimfikia Bibi Butler simu ya maandishi kutoka kwa madaktari waliochukizwa na sheria hizo. Walimwomba awaongoze wanawake kuzipinga. Kwa majuma mengi hakumwambia mumewe. Alijua maana yake. Mke wa kasisi, mke wa mkuu wa shule, angesimama mbele ya umati wa wanaume na kusema juu ya viungo vya mwili, juu ya madanguro, juu ya vyombo vile vya chuma. Mwisho aliyaandika yote katika karatasi, akampa mumewe akatoka chumbani. Bwana Butler alikaa siku kadhaa akiwa mnyamavu na uso umempauka. Kisha akamjia mkewe, akambariki, akamwambia aende. Sisi twaona hapo ndipo penye uzito wa habari yote. Watu husema mwanamke akitoka nyumbani amemdharau mume. Huyu alitoka kwa baraka ya mume, na mume ndiye aliyebaki nyumbani na wana.

Mwishoni mwa mwaka huo kikaundwa chama cha wanawake cha kupinga sheria zile, na tangazo lao likachapishwa magazetini likiwa na majina ya Florence Nightingale na Harriet Martineau. Si wanawake wote walioungana nao. Elizabeth Garrett, daktari mwanamke aliyeheshimika sana, alizitetea sheria hizo kwa sababu za afya. Wengine waliokuwa wakidai kura kwa wanawake walikaa mbali na Bibi Butler wakiogopa kwamba kashfa itaharibu kazi yao. Kwa hiyo wanaodhani wanawake wa zamani walikuwa kitu kimoja na waliovurugana ni wa leo tu, wanakosea.

Mwaka 1870 katika uchaguzi mdogo wa Colchester serikali ilimsimamisha Sir Henry Storks, aliyewahi kuzisimamia kanuni za namna hiyo akiwa gavana wa Malta. Bibi Butler na wenzake wakaenda kumpinga. Umati ukaizunguka hoteli aliyolala, mwenye hoteli akamwomba atoke usiku huo huo. Storks alishindwa uchaguzi. Mwaka 1872 kule Pontefract wanawake walikosa ukumbi wa kukutania, wakakubaliwa dari la ghala la kuwekea majani makavu, la kupandia kwa ngazi. Wanaume waliotumwa wakavunja madirisha na kuwasha mabunda ya majani chini yao, moshi ukapanda, na polisi waliokuwapo wakatazama tu. Wanawake waliteremka wakiwa hai kwa neema ya Mungu na kwa msaada wa watu wachache wenye huruma. Safari hii mtu wa serikali, Childers, alichaguliwa tena, ila kwa kura pungufu.

Mume naye alipata yake. Katika kongamano la Kanisa la mwaka 1871 Bwana Butler alisimama kusoma hotuba juu ya wajibu wa Kanisa katika jambo hili, na makasisi wenzake wakampigia kelele mpaka akakaa. Marafiki walimwonya kwamba hatapata cheo kikubwa katika Kanisa maadamu mkewe anaendelea. Kwa muda wa miaka zaidi ya 10 onyo hilo lilikuwa kweli. Hatukuona popote kwamba alimlaumu mkewe.

Na palikuwa na gharama waliyoilipa wengine. Mwaka 1875 huko Aldershot, penye kambi kubwa ya jeshi, mjane mmoja aitwaye Bibi Percy, aliyewalisha watoto wake kwa kuimba mbele ya askari, alitajwa na polisi pamoja na binti yake wa miaka 16. Akakataa kupimwa. Waajiri wakaogopa kumpa kazi. Baada ya kuhangaika huku na huku alionekana amekufa maji katika mfereji. Bibi Butler akamchukua yule binti. Twataja jina hili kwa sababu katika mabishano ya ukombozi wa wanawake jina la mama kama huyu halitajwi na upande wowote. Sheria iliyodai kulinda afya ya jeshi iliwaachia watoto wale kaburi.

Msomaji wa pwani atajiuliza Kanisa la Uingereza lilikuwa wapi. Kanisa lilikuwa Unguja, kati ya mahali pengine. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule ukawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini mahali pale pale palipouzwa watu. Waingereza walitoa fedha kwa furaha kwa ajili ya jambo hilo, na sisi ni watoto wa kazi ile, hatuwezi kuidharau. Hata hivyo ni katika miaka hiyo hiyo wengi wa wale waliolilia mtumwa wa mbali walimwona Bibi Butler ni aibu, kwa kuwa alisema kuna mwanamke asiye huru katika Plymouth na Portsmouth.

Vita vilidumu miaka 16. Maombi yenye sahihi zaidi ya milioni 2 yalipelekwa Bungeni. James Stansfeld, mwanasiasa aliyekuwa na nafasi ya kupanda juu sana, aliacha matumaini ya cheo akawa msemaji wao. Bibi Butler alisafiri hadi Ufaransa, Italia na Uswisi wakati wa baridi kali, akaanzisha mwaka 1875 muungano wa mataifa wa kupinga ukahaba unaosimamiwa na serikali. Mapafu yake yalikuwa mabovu tangu ujanani, na mara nyingi alirudi kutoka safari hizo akaingia kitandani moja kwa moja. Usiku wa Aprili 1883 Bunge likipiga kura, wanawake wa kila tabaka, mabibi wenye mavazi ya thamani na maskini wenye nguo kuukuu, walipiga magoti pamoja wakiomba katika nyumba iliyo jirani na Bunge. Kura zilikuwa 182 kwa 110, na upimaji ukasimamishwa. Mwaka 1886 sheria zenyewe zikafutwa kabisa. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria nyingine iliyoongeza haki za mama juu ya watoto wake, hata mjane akatambuliwa kuwa mlezi wao baba anapofariki. Kabla ya hapo baba aliweza kumwandikia mtu mwingine watoto katika wosia kana kwamba mama hayupo.

Lakini ushindi nao una kivuli. Mwaka 1885, baada ya mwandishi W. T. Stead kufichua magazetini jinsi wasichana wadogo walivyouzwa London, Bunge lilipandisha umri wa msichana kuweza kuridhia kutoka miaka 13 hadi 16. Bibi Butler alikuwa amemsaidia Stead, na kwa jambo hili twamshukuru bila kusita. Ila sheria ile ile iliwapa polisi nguvu mpya juu ya nyumba za makahaba, na watu wenye bidii ya usafi wakaanza kuwahimiza polisi wazifunge moja baada ya nyingine. Wanawake waliofukuzwa hawakuwa na pa kwenda. Wengi walikuwa na watoto. Bibi Butler aliwaona wafuasi wake wa jana wakifanya kazi ya polisi aliowapinga, akawaonya kwa uchungu kwamba mtu hawezi kufanywa mwema kwa kupigwa rungu. Wengi hawakumsikia.

Na katika jambo moja pengine yeye ndiye hakusikia. Alikataa sheria za kupunguza saa za kazi za wanawake viwandani, akisema mwanamke ni mtu mzima na sheria isimchagulie. Hoja hiyo ni nzuri kwa mwanamke mwenye mahali pa kuchagua. Mama wa kiwandani, aliyeacha mtoto anyonyaye kwa jirani tangu alfajiri, hakuwa akichagua chochote, na saa mbili za kupumzika angezipokea kutoka kwa yeyote. Hapa Mama Sumner, aliyekaa na akina mama maskini kijijini mwake akawauliza wanaleaje, alikuwa karibu nao zaidi, ingawa yeye hakugusa sheria wala mishahara. Tumeona katika kazi yetu wanawake wa namna zote mbili, na kila namna ina watoto iliyowasahau.

Mwaka 1882 Bwana Butler hatimaye alipewa ukanoni katika kanisa kuu la Winchester. Hata hapo mkewe alifungua nyumba ya kuwapokea wasichana waliookolewa. Mume alianza kuugua mwaka 1886, ule mwaka wa ushindi, na Bibi Butler, aliyezunguka nchi nyingi, sasa alikaa kando ya kitanda. Kwa miaka minne alipunguza safari, akamuuguza mpaka alipofariki Machi 1890. Kisha akaandika kitabu kizima juu ya maisha ya mumewe. Wanaosema wanawake wa namna yake hawakujua kupenda nyumba wakitafute kitabu hicho.

Miaka yake ya uzee alishughulika na India, ambako jeshi la Uingereza liliendelea kuwapima wanawake wa nchi ile kwa nguvu hata baada ya Bunge kulikemea jambo hilo mwaka 1888. Mwaka 1900 aliandika kitabu juu ya vita vya Afrika Kusini, akiutetea upande wa Uingereza kwa kuamini kwamba utawala wake ungewalinda Waafrika kuliko ule wa Makaburu. Hapo sisi tuliotawaliwa hatuwezi kumfuata. Aliyejua sana namna sheria njema kwa maneno inavyoweza kumkandamiza mwanamke wa Plymouth, aliiamini mno dola ile ile ilipovuka bahari.

Alirudi kaskazini alikozaliwa, akafariki katika mji mdogo wa Wooler tarehe 30 Desemba 1906, na watu wachache wakamzika Kirknewton. Stanley, yule mtoto aliyepelekwa Italia akiwa mgonjwa, alikuwa profesa wa fizikia katika chuo kikuu cha St Andrews. Wanawake wa Uingereza hawakupata kura mpaka mwaka 1918, na hapo ni wale waliofika miaka 30 tu. Mama Sumner aliishi akaona siku hiyo, Bibi Butler hakuiona. Mumewe amezikwa Winchester, Eva amezikwa upande wa Cheltenham, na mama yuko peke yake kaskazini, karibu na mashamba ya baba yake.